Kifafa cha binti yangu hakisikii dawa: je, kinga yake iongezwe au ishushwe?

Daktari wa safu hii, asalaam alaikum.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Arua. Binti yangu wa tatu, Swabra, ana umri wa miaka minane. Alikuwa mzima hadi alipoanza darasa la kwanza, ndipo siku moja alipoanguka kisimani, akakakamaa na kutokwa na mapovu. Kituo cha afya walimwanzishia fenobabitali. Ilipoonekana haimsaidii waliongeza kabamazepini, na baadaye hospitalini wakaiondoa ile ya kwanza wakampa valproeti ya sodiamu. Kifafa hupungua kwa muda, nasi hushukuru, kisha hurudi kwa nguvu kuliko awali. Sasa anaanguka karibu kila wiki. Ni kweli kwamba dawa huisha kituoni mara kwa mara, na wakati huo hununua chache dukani kadiri ya uwezo wetu. Hajawahi kupigwa picha ya kichwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama lina maana. Tangu Ramadhani iliyopita, vidole vya mkono wake wa kushoto hutetema vyenyewe hata akiwa macho na akizungumza nami, na wakati mwingine hata akiwa usingizini. Siku hizi huangusha kikombe akikishika kwa mkono huo, na sapatu ya mguu wa kushoto humtoka njiani asijue. Mwalimu wake anasema amekuwa mzito wa kusoma.

Shemeji yangu aliye masomoni nje ya nchi alitutumia ujumbe kwamba wanasayansi wamegundua kuwa kifafa kisichosikia dawa kinatokana na kinga ya mwili kuushambulia ubongo. Anataka tuache dawa za kifafa, tununue prednisoloni dukani, tumpe kila siku ili kinga ishuke. Mama mkwe wangu naye anasema kinyume chake: mtoto ana kinga dhaifu, na amenunua dawa ya maji ya mitishamba inayouzwa kuwa inaongeza kinga. Mume wangu amekaa kati yao hajui amsikilize nani. Nami nina mtoto mchanga ninayemnyonyesha, naogopa asije akapata ugonjwa huu huu. Tafadhali tueleze, je, kinga ya Swabra iko juu au chini? Na tufanye nini?

Mama Swabra, Arua

*

Mama Swabra, wa alaikum salaam.

Nakupa pole kwa mzigo huu, na nitaanza na lile uliloliandika kana kwamba ni la pembeni, kwa sababu kwangu mimi ndilo zito kuliko yote yaliyomo katika barua yako. Mtoto ambaye vidole vya upande mmoja vinatetema kwa muda mrefu akiwa macho, ambaye mkono na mguu wa upande huohuo vinazidi kulegea, na ambaye masomo yameanza kumshinda, hapaswi kusubiri tarehe yake ya kawaida ya kuchukua dawa. Anapaswa kuonwa na daktari wa neva za watoto mapema, ndani ya wiki hizi na si miezi ijayo. Siandiki hivi ili kukutisha, wala siwezi kuutaja ugonjwa wa mtoto ambaye sijamwona. Ila dalili hizo zikikutana pamoja zinaonyesha kwamba upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio unaoongoza mkono na mguu wa kushoto, una jambo linaloendelea, na ni muhimu lijulikane kabla halijaharibu zaidi.

Sasa nije kwa shemeji yako. Hakudanganya. Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, ILAE, kilipopanga upya aina za ugonjwa huu, kiliitaja kinga ya mwili kuwa mojawapo ya makundi sita ya visababishi, sambamba na kasoro za umbo la ubongo, urithi, maambukizi, hitilafu za kemia ya mwili na sababu zisizojulikana. Ila amechukua jambo lililo kweli kwa baadhi ya watoto akalifanya kweli kwa kila mtoto ambaye dawa zimemshinda, na akairuka kazi ngumu ya kumtambua mtoto anayehusika.

Nitakueleza linavyotokea, maana ukilielewa utaona kwa nini swali la kinga kuwa juu au chini haliwezi kujibiwa lilivyo. Ubongo una askari wake wa kudumu, seli ndogo ziitwazo mikroglia, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu na kuondoa mabaki ya seli zilizokufa. Mtoto anapopata degedege kali, seli za neva zilizoumia hutoa kemikali za kuomba msaada, na mikroglia huitikia kwa kutoa kemikali za mchochota, yaani ile hali ya joto, wekundu na uvimbe tunayoiona kwenye jeraha. Mojawapo ya kemikali hizo ni intaleukini-1 beta. Utafiti wa miaka mingi, ukiwemo ule wa Annamaria Vezzani na wenzake mjini Milano, Italia, umeonyesha kwamba kemikali hii huzifanya seli za neva zipitishe kalisi kwa wingi zaidi na hivyo kusisimka kwa urahisi kuliko kawaida. Degedege moja huzaa mchochota, mchochota huandaa degedege nyingine, na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo huanza kuvuja, kikiruhusu protini na chembe nyeupe za damu kuingia mahali ambapo kwa kawaida hazina ruhusa. Isitoshe, mchochota unaweza kuongeza idadi ya protini zinazozitoa dawa kwenye ubongo na kuzirudisha katika damu, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa anameza dawa sahihi ilhali kiasi kinachofika panapohitajika ni kidogo. Dawa nyingi tulizonazo hutuliza umeme wa ubongo tu. Hazigusi mchochota huo. Mwaka 2022 watafiti wa Singapore walichapisha uchunguzi wa vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa wa kifafa sugu, wakichambua seli moja moja, wakakuta mikroglia zikiwa katika hali hiyo ya mchochota na chembe nyeupe za aina ya T zikiwa zimeingia ndani ya ubongo.

Hata hivyo, kukuta mchochota katika ubongo wenye kifafa si sawa na kusema kwamba kinga ndiyo iliyoanzisha kifafa. Kwa watoto wengi wa Uganda chanzo ni kovu: mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, au aliugua malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, au aliumia kichwa. Kwa hao mchochota unaweza kuwa unauendeleza ugonjwa ulioanzishwa na kitu kingine, na mpaka leo hakuna dawa ya kushusha kinga iliyothibitishwa kuwatibu wote kwa jumla.

Yapo magonjwa machache ambamo kinga ndiyo chanzo chenyewe. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambamo mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kwa kawaida hushika vijidudu, lakini hizi hushika vipokezi vya NMDA vilivyo juu ya seli za neva. Mtoto aliyekuwa mzima hubadilika katika siku au wiki chache: hukosa usingizi, huona visivyoonekana, hupoteza usemi, mdomo na mikono hufanya miondoko isiyo na maana, na degedege huandamana na hayo. Wengi wa watoto hao katika jamii zetu hupelekwa kwa waganga wa majini, na inaniuma, kwa sababu ugonjwa huo hutibika, na wakianzishwa matibabu mapema wengi hurudi katika hali nzuri. Uliyoyaeleza kuhusu Swabra hayafanani sana na huo.

Yanafanana zaidi na ugonjwa mwingine ambao nautaja kwa tahadhari. Mwaka 1958 Theodore Rasmussen, daktari mpasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada, alieleza pamoja na wenzake habari za watoto watatu waliokuwa na kifafa sugu kilichotokana na mchochota wa muda mrefu katika upande mmoja wa ubongo. Ugonjwa huo, ambao leo huitwa kwa jina lake, ni nadra sana. Huanza mara nyingi kwa watoto waliokuwa wazima, wengi wao wakiwa chini ya miaka kumi. Degedege hushika upande mmoja, mkono au uso hutetema bila kukoma, kisha upande huo hulegea pole pole. Katika ubongo wao hukutwa chembe T zikiziua seli za neva. Dawa za kutuliza kinga, kama steroidi (prednisoloni ni mojawapo) na kingamwili za kutundikiwa mshipani, huweza kuupunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kinachozimaliza degedege kwa wengi ni upasuaji wa kuutenganisha upande unaougua na ule mzima. Upasuaji huo humwachia mtoto udhaifu wa mkono na kupungukiwa na uoni wa upande mmoja, ingawa wengi huendelea kutembea. Nimeona afadhali uyajue haya kutoka kwangu kuliko uyakute kwenye simu usiku, peke yako.

Lakini mkono unaotetema una sababu nyingine nyingi, na baadhi yake ni za kawaida zaidi katika nchi yetu. Viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vinaweza kukaa ubongoni na kuleta picha inayofanana na hii. Najua utasema kwamba nyumbani kwenu hamli nguruwe. Viluwiluwi vya ubongoni vinatokana na mayai ya tegu yaliyomo katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, yanayoingia mdomoni kwa maji, mboga au mikono isiyooshwa, kwa hiyo dini ya nyumba haizuii. Kuna pia kifua kikuu cha ubongo, usaha, uvimbe wa saratani, na kasoro ya umbo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Kila moja ina tiba yake, na hayatenganishwi kwa kumtazama mtoto kwa macho.

Hapa ndipo ushauri wa prednisoloni ya dukani unapokuwa hatari, nami nakuomba na kukusihi msiufuate. Steroidi inakifungulia mlango kifua kikuu kilichojificha mwilini mwa mtoto. Inaweza kuwaachia minyoo fulani wasambae mwili mzima. Inapandisha sukari na presha. Na ikitumiwa kwa wiki kadhaa kisha ikaachwa ghafla, mtoto anaweza kuzimia na hata kufa, kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza homoni inayofanana nayo. Baadhi ya uvimbe wa saratani hunywea kwa muda mbele ya steroidi, na picha itakayopigwa baadaye ikampotosha daktari. Aidha kabamazepini huifanya ini iivunje prednisoloni haraka, kwa hiyo hata kiasi cha kumpa hakiwezi kukisiwa kaunta. Inawezekana shemeji amesoma kuhusu watoto wachanga wenye aina ya kifafa iitwayo sindromu ya West, ambao kweli hutibiwa kwa prednisoloni au homoni ya ACTH, lakini hata hao hupimwa kwanza na hufuatiliwa kwa karibu. Kuhusu kuziacha dawa za kifafa, jibu ni hapana kabisa: kuzikata ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokatika.

Dawa ya maji ya mama mkwe nayo iwekwe kando, kwa heshima. Hakuna chochote katika barua yako kinachoonyesha kwamba kinga ya Swabra ni dhaifu, na mitishamba ambayo hatujui viungo vyake inaweza kugongana na valproeti katika ini. Mwambie mama kwamba daktari ameomba ihifadhiwe mpaka vipimo vikamilike. Nadhani atalipokea vizuri zaidi kuliko kuambiwa kwamba amekosea, na chupa hiyo mwende nayo hospitalini ili daktari aione.

Nirudi kwenye neno «sugu», maana nalo lina masharti. Kwa kipimo cha ILAE cha mwaka 2010, kifafa huitwa sugu pale ambapo dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, zikatumiwa kwa kiasi cha kutosha na kuvumilika, zimeshindwa kukiondoa. Umeandika kwamba dawa huisha kituoni nanyi hununua chache. Je, kiasi anachopewa leo kilipangwa kwa uzito wake wa sasa au wa alipokuwa darasa la kwanza? Je, kuna siku anazokosa kabisa? Zaidi ya hayo, kabamazepini, iliyo nzuri kwa degedege za upande mmoja, huweza kuzizidisha aina nyingine za kifafa. Huenda sehemu ya usugu unaouona ni upungufu wa dawa, na hili mnaweza kuanza kulirekebisha wiki hii kwa kumpima uzito na kuomba mpewe ya mwezi mzima. Kuna watu wasiopona hata wakipewa kila kitu ipasavyo. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kifafa duniani wako hivyo. Lakini hatutajua kama Swabra yumo miongoni mwao mpaka hilo litazamwe. (Na kwa kuwa ni binti, mkumbushe daktari kwamba matumizi ya valproeti yatahitaji kuangaliwa upya kabla hajavunja ungo, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni.)

Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Arua na ombeni barua ya kwenda kliniki ya neva za watoto katika hospitali ya Mulago, Kampala. Najua ni safari ya karibu kilomita 500 na gharama yake si ndogo, kwa hiyo jiandaeni ili isiwe ya bure. Kabla ya kuondoka mrekodi kwa simu vidole vinavyotetema, akiwa macho na akiwa usingizini, pamoja na degedege moja tangu mwanzo hadi mwisho. Video ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Bebeni daftari la tarehe za kuanguka na paketi za dawa zote. Daktari wa kule atahitaji kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, na picha ya MRI, ambayo huonyesha makovu madogo na kunywea kwa upande mmoja wa ubongo vizuri kuliko picha ya CT. Pengine ataomba maji ya uti wa mgongo. Msiyakatae kwa hofu ya kwamba huleta kupooza, kwani sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Vipimo vya kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vitahitajika kabla ya dawa yoyote ya kutuliza kinga. Vipimo vya kingamwili za ubongo huenda vikalazimika kupelekwa nje ya nchi, na kingamwili za kutundikiwa ni ghali mno, kwa hiyo muulizeni daktari waziwazi ni kipi kitabadilisha matibabu na kipi kinaweza kusubiri. Ikionekana upasuaji unafaa, ulizeni pia kuhusu Mbale: upasuaji wa kifafa umewahi kufanyika katika hospitali ya watoto ya CURE, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009.

Uganda si mgeni wa swali hili la kinga na kifafa. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo waliougua ugonjwa wa kutikisa kichwa walichunguzwa kwa miaka mingi, na ugonjwa huo umehusishwa na minyoo ya usubi inayoenezwa na nzi weusi wa mitoni. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na kingamwili zinazoshika protini iitwayo leiomodini-1 iliyomo katika seli za neva, na kwamba kingamwili hizo huzishika pia protini za minyoo hao. Yaani mwili ulilenga mnyoo ukaudhuru ubongo wake wenyewe. Tafiti nyingine hazikuliunga mkono hilo kikamilifu, na mjadala haujafungwa. Hata hivyo watoto wengi wa huko walipata nafuu kwa dawa za kawaida za kifafa zilizotolewa bila kukatika pamoja na chakula cha kutosha, na hilo ningependa shemeji yako alisikie.

Wakati mkisubiri safari, degedege ikimshika mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajarudiwa na fahamu, mpelekeni hospitali hapo hapo. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo, kwa kuwa homa huzidisha degedege kwa watoto kama yeye. Asichote maji kisimani wala kukaa peke yake karibu na jiko. Mwalimu aelezwe kwamba mapovu hayaambukizi, na kwamba uzito wa kusoma unaweza kutokana na ugonjwa na dawa pia, si uvivu.

Kuhusu mtoto mchanga, endelea kumnyonyesha. Magonjwa ya kinga niliyoyataja hayaambukizwi kwa maziwa, kwa mate wala kwa kulala kitanda kimoja, na si ya aina inayotarajiwa kujirudia kwa ndugu. Mpelekeni chanjo zake zote kwa wakati, ikiwemo ya surua. Ikitokea Swabra ameanzishwa steroidi hospitalini, chanjo zenye virusi hai ndizo zitakazosubiri kwake yeye, si kwa mdogo wake. Mwelezeni muuguzi wa chanjo ili aandike katika kadi.